Breki Ziko Wapi? Siku sita na meli za nyota kwenye barabara ya Mbeya

Jumatatu. Ruaha Mbuyuni hadi Iringa

Utingo wa mjomba kaugua malaria, kwa hiyo wiki hii utingo ni mimi. Kazi yenyewe naijua nusunusu: kuweka kigingi nyuma ya tairi gari likisimama mlimani, kukagua kufuli za kontena, kuamka kabla ya dereva. Mjomba ana kichwa kimoja na tela moja, mali yake na ya benki, na safari hii amebeba kontena la futi 40 la kwenda Tunduma. Mzigo wangu mimi ni boksi la viatu. Ndani yake kuna meli tisa za kwenda nyota nyingine, kila moja urefu wa kalamu ya wino, nimezifunga kwa kanga kuukuu ya mama.

Kwa asiyejua: tuko watu saba, wengine Iringa na wengine Mbeya, tunacheza mchezo wa mezani wa biashara ya anga. Kila mtu ana vijimeli vyake. Ramani ni karatasi kubwa iliyochorwa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, na kanuni tumezitunga wenyewe mpaka zimejaza kaunta buku moja. Mwezi huu zamu ya kuleta aina mpya ya meli ni yangu. Nimechagua enzi ya mwanzo kabisa, watu wamefika nyota ya jirani lakini njia ya mkato hakuna. Meli inakwenda kwa moto wake yenyewe, inachukua miaka, na ina mzigo wa watu tumboni. Aina hiyo niliiita Kitonga zamani, kabla sijajua kwamba nitaupanda mlima wenyewe nikiwa kwenye kiti cha utingo.

Ruaha Mbuyuni tumeondoka alfajiri, magunia ya vitunguu yanapakiwa pembeni, joto limeshaanza kunuka. Halafu mlima. Kwa basi Kitonga ni kona na kelele za abiria. Kwa lori lenye tani 48 kwenye karatasi ni kitu kingine kabisa. Tulipanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani na ndoo, ukuta wa mawe mkono mmoja, bonde mkono mwingine, na mbele yetu malori manne yamefuatana kama siafu. Kuna wakati nilimwona kipepeo anatupita.

Lori lililokuwa linashuka likatupita na harufu ya breki zilizoungua ikaingia dirishani.

"Unasikia hiyo? Huyo hajui kushuka," mjomba akasema. "Mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia. Ukishuka kwa breki za miguu peke yake, chini hufiki salama."

Nikaona ni wakati mzuri wa kumwonyesha meli. Aliishika kwa mkono mmoja, akaigeuza mara mbili.

"Huu ndio mdomo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na injini ziko huku nyuma. Sawa. Breki ziko wapi?"

Nilianza kueleza kwamba angani hakuna barabara wala hewa, kitu kikishasukumwa kinaendelea kwenda. Akanikatiza: ndiyo hasa sababu ya kuuliza. Nikanyamaza. Mwezi uliopita meli yangu ya majaribio ilivuka meza yote na kuangukia sementi, kwa sababu kanuni yetu inasema meli itakwenda zamu hii vyumba vilevile ilivyokwenda zamu iliyopita, isipokuwa mwenyewe achome mafuta kuibadilisha. Wenzangu walicheka, mimi nikasema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati. Nilichora meli isiyo na breki.

Najifariji kwamba wakubwa nao waliziacha. Kati ya 1973 na 1978 wanachama wa British Interplanetary Society, chama cha wapenda safari za anga cha Uingereza, walichora chombo walichokiita Daedalus, cha kwenda nyota ya Barnard iliyo umbali wa karibu miaka mwanga 6, yaani mwanga wenyewe unatumia karibu miaka 6 kufika. Uzito wake tani 54,000, na kati ya hizo tani 50,000 ni mafuta. Kingefika asilimia 12 ya kasi ya mwanga, kisafiri karibu miaka 50, halafu kipite. Hakukuwa na mafuta ya kusimama. Miaka 50 njiani ili ukapunge mkono.

Ilula tumenunua nyanya, tenga moja. Yale matenga ya mbao, yamepangwa pembeni mwa barabara ngazi kwa ngazi, ndiyo yalinipa jina la makasha ya mzigo ya meli yangu. Siyaiti kontena. Ni matenga.

Jumanne. Iringa

Gari liko kwa fundi wa springi, Ipogolo. Mimi niko mezani nyuma ya steshenari ninakofanya kazi, na bosi anadhani nina likizo.

Leo ni hesabu. Roketi ina ukorofi mmoja ambao lori halina: mafuta yenyewe ni mzigo. Lori la mjomba likijaza tangi halibadiliki sana, lakini meli ya kwenda nyota ni tangi lililobandikwa meli. Tuseme ili ufikie mwendo unaoutaka lazima meli yenye mafuta iwe nzito mara nne ya meli tupu. Ukitaka na kusimama, haitoshi kuongeza mara nne nyingine. Unazidisha: nne mara nne, kumi na sita. Sehemu moja ni meli, watu na mzigo. Sehemu kumi na tano ni mafuta.

Nilikaa nikaitazama hiyo kumi na tano, nikakumbuka komwe za bao. Nikazimwaga mezani na kuanza kugawa. Gia ya kwanza ya kuondoka inakula nane, kwa sababu meli bado nzito. Gia ya pili inakula nne. Kisha meli inakwenda kimya miaka na miaka, haichomi chochote. Ikikaribia, breki ya kwanza inakula mbili, ya mwisho moja. Nane, nne, mbili, moja. Kumi na tano kamili. Kila gia inapunguza uzito wa meli nusu, na kila gia uliyopandia ina breki yake ya kushukia. Mjomba hajawahi kusoma habari za roketi lakini kanuni yake imekaa hapo kama ilivyo.

Ubaya wake: meli zangu zilikuwa na matenga 24 kila moja, yamejipanga vizuri ubavuni kama mabehewa. Kwa hesabu hii tangi ndilo linalotakiwa kuonekana, mzigo uwe kidoti. Nimeyang'oa hadi yakabaki sita. Nilikuwa nimeyapaka rangi yote. Tuache.

Pete ya wafanyakazi nayo imeniaibisha. Ukitaka watu wakanyage sakafu kama duniani kwa kuzungusha pete mara mbili kwa dakika, kipenyo chake ni karibu mita 450. Kwa kipimo changu, 1 kwa 3,000, hiyo ni sentimeta 15, na meli nzima ina 14. Ingekuwa gurudumu la baiskeli limechomekwa msumari. Nimezungusha mara nne kwa dakika, pete ikashuka hadi robo, chini ya sentimeta nne. Watakaokaa humo watapata kizunguzungu mpaka wazoee. Ndiyo maana ya kuwa wa kwanza.

Jioni nimebandika sumaku za Kariakoo, zile ndogo za milimita tatu, ili matenga yashike na kuachia. Mbili nimezibandika kinyume na gluu imeshakauka. Tenga linakimbia meli yake. Sasa kila sumaku naiwekea alama ya rangi ya kucha upande mmoja kabla ya kugusa gluu.

Jumatano. Iringa hadi Makambako

Foleni ya mizani ya Wenda. Sheria ni tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kiwango chake, kwa hiyo unaweza kuwa ndani ya jumla na bado ukakamatwa kwa sababu mzigo umeegemea nyuma. Mjomba alipita salama. Aliyekuwa mbele yetu akaambiwa apange upya mzigo, akashuka na kushika kiuno.

Kusubiri kuna faida yake. Nilichukua kijiti nikaanza kumpangia mjomba anga pembezoni mwa barabara. Jua tukaliweka mlangoni pa mizani. Dunia hatua moja, yaani mita moja badala ya kilometa milioni 150. Sayari ya mwisho, Neptuni, mita 30, pale kwa mama anayechoma mahindi. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho hakijasimama mpaka leo, kiko mita 170 hivi, hakijalimaliza hata foleni la malori. Na nyota ya jirani, Proxima Centauri, miaka mwanga 4.24?

"Makambako," mjomba akabahatisha.

Kilometa 268. Ni mbele ya Makambako, ushuke Igawa, uvuke Chimala, huko Usangu kuelekea Igurusi. Mjomba akalitazama lile hindi linalochomwa, halafu barabara. Hakusema kitu mpaka tumeipita njia panda ya Isimila, kwenye zile nguzo za udongo na mawe ya watu wa kale. "Na katikati hapo," akauliza, "hakuna hoteli?" Hakuna. Hakuna hata jiwe unalolijua.

Mafinga ni mbao. Hewa yenyewe inanukia mpaini. Kwa kijana mmoja wa kiwanda kidogo cha mbao nimeokota vijiti vilivyonyooka vya kutengenezea uti wa mgongo wa meli, akakataa hela. Nilimwambia ni vya mchezo, akadhani nina mtoto.

Makambako tumefika na upepo. Ule upepo haubishi hodi, unaingia ndani ya sweta na kukaa. Tumekula ugali wa dona na kuku, na hapo ndipo mjomba aliponiuliza swali la pili la safari, akiwa na mfupa mkononi: hela ya meli hiyo amekopesha nani?

Nikamweleza. Kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga, Proxima ni miaka 42 na kidogo. Nikaongeza, kwa kujidai, kwamba saa ya melini inachelewa kuliko ya duniani. Akataka kujua inachelewa kiasi gani. Kwa mwendo huo, safari nzima, miezi miwili na nusu.

"Benki watatumia saa ipi?"

Sikuwa na haja ya kufikiri, kwa sababu swali hilo lina mwenyewe. Mwaka 1978 mchumi wa Marekani Paul Krugman, kijana wakati huo, aliandika makala ya nusu utani juu ya biashara kati ya nyota, na hoja yake ya kwanza ni kwamba riba ihesabiwe kwa saa ya sayari, si ya melini. Mwenye mkopo aliyeko safarini hapewi nafuu. Mjomba akacheka kicheko kisicho na furaha. "Riba hailali kwa sababu wewe uko barabarani. Hilo hakuhitaji kuliandika."

Tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya mizani. Shilingi moja kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ikikaa miaka 42, inakuwa shilingi 54 na senti zake. Mzigo ulionunuliwa kwa moja lazima uuzwe kwa zaidi ya 54, na hapo hujalipa mafuta wala mishahara. Shaba? Hailipi nauli. Dhahabu? Huko nako kuna miamba. Michoro ya mashine, vitabu, fomula za dawa? Kila kinachoweza kuandikwa kitatangulia kwa redio na kufika baada ya miaka 4.24, meli ikiwa haijafika hata robo ya njia.

Kinachobaki ni kile kisichoandikika kirahisi. Mjomba, ambaye ana ekari tatu za mahindi na maharage huko kwao, alikipata kabla yangu: mbegu. Mbegu, na udongo wenye uhai, wale bakteria wanaokaa kwenye mizizi ya maharage. Hamira. Mayai ya nyuki. Nimeandika orodha yote kwenye kaunta buku na kumpa heshima yake pembeni: "Kanuni ya 31, kwa hisani ya mjomba."

Kabla ya kulala tumesikia treni. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inakutana na barabara hapa. Upande mwingine, chini ya ardhi, kuna bomba la TAZAMA linalopeleka mafuta Ndola, kilometa 1,710. Bomba halibebi tangi. Msukumo unabaki nyumbani, mafuta yanakwenda. Mwaka 1984 mwanafizikia Robert Forward alieleza tanga jepesi linalosukumwa na leza kutoka nyumbani, chombo chenyewe kisibebe mafuta. Hiyo ni aina nyingine ya meli, ya zamu nyingine. Jina lake tayari ninalo: Bomba.

Alhamisi. Makambako hadi Mbeya

Hii ndiyo siku iliyoharibika na kutengemaa.

Asubuhi kulikuwa na baridi, nikatoa meli moja kwenye boksi na kuiweka juu ya dashibodi ili gluu ya sumaku ikauke vizuri. Kisha tukaanza kushuka kwenda Igawa. Kila kilometa joto likapanda, mjomba akavua sweta, nami nikavua, tukaongea habari za mpunga wa Usangu, nikasinzia. Nilipoamka, meli ilikuwa imejikunja kama ndizi.

Kosa la kijinga, kwa sababu nalijua vizuri. Meli hizi zimechapwa kwa ile mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki tabaka kwa tabaka, na plastiki ya PLA huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Dashibodi ya lori chini ya kioo, Oktoba, Usangu: unaweza kuivukishia maandazi. Pua imeinama kushoto, injini kulia. Mjomba alitazama mara moja tu. "Hiyo imepiga ekseli."

Tukasimama Chimala kula. Mama ntilie alikuwa na chupa tatu za chai mezani, na moja ilikuwa maji ya moto matupu. Kilicholegezwa na joto, joto litakinyoosha. Nikamwomba bakuli. Lakini ndani ya meli kuna sumaku, na hizi za kawaida zikizidi nyuzi 80 huanza kupoteza nguvu, kwa hiyo sikumwaga maji yakiwa yanachemka. Nilihesabu mpaka nikaweza kuingiza ncha ya kidole na kuitoa haraka bila kulia. Meli ikazama, ikalegea, nikaitoa na kuibana kati ya rula na ubao wa kukatia nyanya. Wateja wawili waliacha kula.

"Kijana, hiyo inaliwa?" mama akauliza.

"Hapana mama, shikamoo, ni meli."

"Marahaba. Meli Chimala?"

Ilinyooka. Si kama mwanzo, ina kovu kiunoni, lakini imenyooka. Na wakati naipangusa mezani, kizibo cha soda kikaruka chenyewe kikaing'ang'ania pua.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Tangu Kitonga nilikuwa na donda jingine ambalo sikumwambia mjomba. Meli ikitaka kufunga breki lazima igeuke, injini zitangulie, itapike moto kule inakokwenda. Sawa. Lakini pua ndiyo yenye ngao. Anga kati ya nyota si tupu kabisa, kuna vumbi, na kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga gramu moja tu ya vumbi inagonga kwa nguvu ya zaidi ya tani 100 za baruti ya TNT. Waliochora Daedalus waliweka mbele bamba la berili, metali nyepesi, unene milimita 7, uzito hadi tani 50. Wao walikuwa na bahati, hawageuki. Meli yangu ikigeuka, ngao inabaki nyuma inalinda kule ilikotoka, na injini, kitu ghali kuliko vyote, zinapokea vumbi usoni.

Kizibo kile kikanijibu. Ngao ihame. Nimeazima nyundo ya mjomba, nikakipondaponda kizibo kikawa bamba la duara, nikakitoboa katikati kwa msumari na kupanua tundu kwa kisu hadi uti wa mgongo ukapita. Sasa ngao inateleza. Ikikaa puani, meli inapanda mwendo au inasafiri. Ukitaka kufunga breki unavua pete na matenga, unaivuta ngao hadi mkiani, inakaa kama kola kuzunguka mdomo wa injini, moto ukitokea katikati, kisha unaigeuza meli yenyewe kwenye kigingi chake. Mchezaji yeyote akiitazama meza anajua bila kuuliza nani anapanda na nani anashuka. Kwenye meli ya kweli kazi hiyo ingechukua wiki kadhaa na kuwa sehemu ya hatari kuliko zote, kwa sababu ngao ikiwa njiani pande zote mbili ziko wazi. Nimeipa kanuni: zamu moja nzima bila ngao, rusha dadu.

Mama ntilie amenipa vizibo kumi na mbili bure. Soda nilinunua moja.

Kutoka Igurusi barabara inapanda tena. Inyala, kisha Mlima Nyoka. Malori yanayotoka Mbeya yalikuwa yanashuka taratibu, injini zinanguruma kwa gia nzito, breki za miguu zimepumzika. Mjomba alikuwa anawasalimia kwa taa wale tu wanaoshuka vizuri. Sikuwahi kugundua kwamba anachagua. Uyole, ambapo ndipo juu kabisa kwenye reli yote ya TAZARA, karibu mita 1,790, tumeingia jua linazama nyuma ya Loleza.

Amenishusha Mafiati. Kesho anaendelea na Tunduma na utingo wa kuazima.

Ijumaa. Mbeya

Siku ya gluu. Dada mwenye saluni, Soweto, ambaye ndiye mchezaji mkali kuliko sisi wote na ndiye mwenye chumba tunachochezea, alikuwa ameniwekea mfuko wa rolioni tupu za miezi minne. Ukizing'oa, ndani kuna kile kigololi kikubwa cha plastiki, mviringo usio na dosari. Viwili kwa kila meli, kumi na nane. Ndiyo matangi. Mwanzo meli ilikuwa nzuri, sasa imekuwa na matako. Namwambia hivyo dada, anasema ndiyo inavyopendeza.

Rangi: kijivu cha dukani, na rangi ya kucha nyekundu kwenye mstari wa ngao. Majina nimeyaandika kwa sindano iliyochovywa wino mweupe: *Kitonga, Ilula, Wenda, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Inyala, Uyole*. Ile yenye kovu ndiyo *Chimala*.

Jumamosi. Mbeya

Tumekuwa sita, mmoja ana msiba. Kila mchezaji meli moja, komwe kumi na tano kwenye kibakuli, matenga sita. Jua upande wa mlango, Proxima upande wa dirisha. Anayefika wa kwanza anauza bei ya juu, anayefuata anapata nusu, na kadhalika mpaka wa mwisho anagawa bure.

Zamu za mwanzo zilipita haraka. Nane, kisha nne, wote. Meli sita zinakwenda sambamba kimya kimya, na hakuna wa kufanya chochote zamu nne nzima. Mwalimu wa hesabu akalalamika kwamba mchezo umelala. Hapo ndipo kishawishi kinapokukuta: kibakulini una komwe tatu na meli iko nyepesi. Ukichoma zile mbili sasa unapata gia ya tatu, unawaacha wote.

Mwalimu akazichoma. *Inyala* ikaruka mbele, tukapiga makofi. Dada wa saluni hakupiga. Alikuwa ameshaanza kuvuta ngao ya *Uyole* kwenda mkiani, zamu moja kabla yetu sote, akisema wateja wake wanaochelewa kuoshwa ndio wanaoungua na dawa. Dadu yake ya vumbi ikatoa tano, akapona. Yangu ikatoa moja, tenga moja likaenda na mbegu zake.

*Inyala* ilifika Proxima ya kwanza kwa mbali. Ilikuwa na komwe moja na gia tatu. Akaichoma, mwendo ukapungua kidogo, meli ikapita nyota, ikapita ukingo wa ramani, ikapita kikombe cha chai, na mwalimu mwenyewe akaidaka kabla ya sementi. Kanuni inasema asiiguse, lakini nilikuwa nimeipaka rangi jana, sikubisha.

Dada alisimama palepale nyotani, komwe ya mwisho ameshaichoma, hana haraka. Mimi wa tatu.

Tukiwa tunahesabu faida simu ikaita. Mjomba, kutoka Tunduma. Nikamwambia breki zimefanya kazi, isipokuwa kwa mwalimu. Akafurahi. Nikamuuliza yeye yuko upande wa Zambia tayari?

"Nani kakwambia? Niko kwenye foleni, na makaratasi hayajatoka." Nyuma yake nilisikia honi na mtu anauza mayai ya kuchemsha. "Hebu niambie, hiyo meli ikishafika huko, karatasi moja ikikosekana wanafanyaje?"

Nikahesabu kwa sauti. Swali kwenda nyumbani, miaka 4.24. Jibu kurudi, miaka 4.24. Karibu miaka minane na nusu, kama karani wa nyumbani hajaenda chai.

Mwalimu akasema ufungueni ukurasa mpya. Nimefungua, nimeandika "Kanuni ya 32: Foleni," na dada mwenye saluni, aliyekuwa ameshaanza kupanga matenga yake kama aliyeuza, akayarudisha moja moja kwenye meli.